Sagamoyo Si Bagamoyo: Mandhari ya Kubuni na Mahali Halisi

Mtahiniwa mmoja darasani mwangu aliwahi kujibu swali la mandhari katika tamthilia ya Kigogo kwa kudai kwamba Sagamoyo ni mji wa Bagamoyo nchini Tanzania. Akaweka nukta, akaendelea na swali jingine. Nilimnyima alama zote. Aghalabu wanafunzi wetu hulijibu swali la mandhari kama makarani wa posta: hutaja mahali, wakafunga bahasha.

Likizo moja baadaye nilijaliwa kuzuru Bagamoyo. Nilipita penye boma la Wajerumani, ambao walikuwa na makao yao makuu hapo kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, nikateremka hadi ufuoni kwenye soko la samaki. Njiani nikawakuta wachongaji. Mji huo una chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo huitwa TaSUBa, na vinyago huuzwa kando ya njia. Nilisimama nikawakumbuka Sudi, Boza na Kombe wakichonga katika soko la Chapakazi. Kwa hakika nilimwonea huruma mwanafunzi wangu. Hakuwa ameokota jibu lake jalalani.

Hata hivyo, niliporudi na kuisoma tena tamthilia yenyewe, ulinganifu huo ulianza kuvuja. Tuanze na jina. Bagamoyo hufasiriwa kuwa ni kubwaga moyo. Wako wanaosema wapagazi kutoka bara walifika hapo wakatua mizigo na nyoyo zikatulia. Wengine husema ni watumwa waliobwaga nyoyo zao kwa kukata tamaa kabla ya kuvushwa bahari. Pauline Kea anabadilisha kitenzi tu. Kilichobwagwa chaweza kuokotwa. Kilichosagwa kimekuwa unga. Hoja hii haihitaji tuthibitishe kwamba mtunzi alikanyaga Bagamoyo. Msikilizaji yeyote wa Kiswahili husikia jina la kwanza ndani ya la pili, pamoja na historia yake ya minyororo.

Pili, Sagamoyo inasherehekea miaka 60 ya uhuru. Kigogo ilitoka mwaka 2015. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Wakati huo hakuna hata moja kati ya nchi hizi iliyokuwa imefikisha umri huo. Mtunzi ameiondoa Sagamoyo kwenye ramani kwa hesabu ndogo tu, nao wenye miongozo wanaoandika bila wasiwasi kwamba Sagamoyo ni Kenya hawajaijumlisha.

Na bado, soko lililofungwa huku wachuuzi wakikosa riziki ni jambo ambalo msomaji wa Kenya halihitaji kuelezwa. Hapo ndipo ilipo kazi ya mandhari ya kubuni: jina limeazima mwangwi wa pwani, soko linafanana na letu, na tarehe haimo katika kalenda ya mtu. Majoka hawezi kudai kwamba si yeye anayesemwa, wala hawezi kushtaki.

Linganisha na Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Humo mahali pana majina yake halisi. Zainabu Makame, mamake Kongowea, ni mwimbaji wa taarab mjini Tanga, na hilo halikutokea kwa bahati: Tanga ilisifika kwa taarab, vikundi kama Black Star na Lucky Star vikiwa mfano. Mahali halisi pamempa mhusika kazi, sauti na jina mitaani. Kisha mwanawe anamtafuta babake hadi pande za Kitale, katika Trans Nzoia ambako Walibora alikulia. Ndugu mwalimu, umbali huo ndio uzi wa riwaya. Ukiifuta Tanga ukaandika mji wa kubuni, safari itabaki lakini haitachosha miguu. Lakini majina halisi yana gharama yake. Mwandishi aliyeitaja Kitale hawezi kumweka dikteta hapo pasipo wenyeji kumuuliza ni nani.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaofunza kwamba mandhari halisi ni bora kwa kuwa yanasadikika. Kila njia ina linalowezekana na lisilowezekana, na mtahiniwa atuzwe akilionyesha.

Yule mwanafunzi nilimrudishia alama moja, nikaandika pembeni: malizia sentensi. Kama Sagamoyo inatukumbusha Bagamoyo, mtunzi amebadilisha nini, na kwa nini?

Siku hizi, kabla ya insha ya kubuni, huwaagiza wanafunzi wangu wachague soko walilowahi kulitembea kwa miguu yao. Wabadilishe jina, waondoe kitu kimoja kilichopo na kuongeza kimoja kisichokuwapo. Wengi huongeza ghorofa. Msichana mmoja aliliita lake Ngojakesho, akaondoa saa ya ukutani, akaongeza choo kipya kilichofungwa kwa kufuli ambacho ufunguo wake uko kwa mtu aliyestaafu. Darasa lilibishana kwa dakika kumi ni soko gani hilo. Wanafunzi kutoka vijiji vitatu tofauti waliapa kwamba ni lao.