Ampia nusu, mzigo robo

Fundi akifika kwenye mashine ya kusaga pale Makambako na klampu mita yake, kwa kawaida hufanya jambo moja. Hufungua boksi la stata, hubana waya mmoja, husoma. Kibati cha mota kimeandikwa ampia 15, klampu inaonyesha 7.4. "Mota yako iko nusu, mzee," anasema, naye mzee anaridhika kwamba mota inafanya kazi ya kutosha na unga unaotoka polepole ni mambo ya mahindi ya mwaka huu. Klampu haikukosea. Kilichokosewa ni hesabu ya kichwani. Mota hiyo iko robo, na tatizo la unga halijaguswa.

Nitaeleza kwa mota ya mfano, kilowati 7.5, volti 400, fezi tatu, poli nne, ukubwa unaofahamika kwa mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni na debe lake. Takwimu nimezikokotoa kwa tabia ya kawaida ya mota za namna hiyo, kwa hiyo asizichukue mtu kama vipimo vya mashine ya jirani yake. Ikizunguka tupu, mikanda imevuliwa, inavuta kama ampia 6.5. Huo si umeme wa kusaga chochote. Ni wa kujenga usumaku ndani ya koili, na mota huuvuta uwe unasaga au husagi. Ukiweka robo ya mzigo, ampia hupanda hadi 7.4 tu. Nusu ya mzigo huwa 9.4, na mzigo kamili ndio 15. Sehemu ya chini ya mzigo klampu karibu haioni kitu.

Mizunguko inaona vizuri zaidi. Tangu mhandisi Dolivo-Dobrovolsky alipotengeneza mota ya fezi tatu yenye rota ya kizimba mwaka 1889, kanuni haijabadilika. Umeme wa hezi 50 kwenye poli nne huzungusha uga wa sumaku mara 1,500 kwa dakika, na rota huufukuza bila kuufikia. Ikiufikia, hakuna umeme unaozaliwa ndani ya rota, na nguvu inakwisha. Kwa hiyo rota lazima ibaki nyuma, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo inavyobaki nyuma zaidi. Mota yetu imeandikwa mizunguko 1,440, maana yake mtelezo, yaani huko kubaki nyuma, ni wa mizunguko 60 kwa mzigo kamili. Kati ya mzigo sifuri na kamili mtelezo hupanda karibu kwa mstari ulionyooka: 1,470 ni nusu, 1,485 ni robo. Takometa ya mwanga na kipande cha karatasi ya kung'aa kwenye puli vinatosha.

Vinatosha, lakini kwa mtu mwangalifu. Tunapima tofauti ndogo ndani ya namba kubwa, na namba kubwa yenyewe haitulii. Gridi ikishuka hadi hezi 49.5, uga hauzunguki tena mara 1,500 bali 1,485. Asiyepima hezi dakika ileile atasoma mizunguko 1,485 kwenye mota isiyo na kazi yoyote na kuapa kwamba ina robo ya mzigo. Joto nalo linaingilia. Ukinzani wa alumini ya rota hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, na mtelezo hupanda nao. Asubuhi ya Julai Njombe mjini, mikono ikiwa bado mifukoni, mota iliyowashwa sasa hivi itaonekana nyepesi kuliko ilivyo. Mota ikiwa baridi kwa nyuzi 50 kuliko joto lake la kazi, mtelezo wa 60 unaweza kusomeka chini ya 50. Iache isage nusu saa kwanza. Halafu kibati chenyewe nacho kina ruhusa ya kukosea: viwango vya kimataifa vinamruhusu mtengenezaji wa mota kubwa kuliko kilowati moja kupishana na mtelezo ulioandikwa kwa hadi asilimia 20 juu au chini.

Ndiyo maana ninapenda shahidi wa tatu, na sisi wa Tanzania tunaye ukutani, ameshalipiwa. Mita ya LUKU ina kataa kadogo kanakopepesa, na usoni pake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila uniti. Tuseme ni 400. Zima taa, friji na mashine ya kukoboa, ibaki mota peke yake, kisha hesabu mipepeso 20 kwa saa ya simu. Zidisha 20 kwa 3,600, gawanya kwa 400, gawanya tena kwa sekunde ulizopata, na jibu ni kilowati zinazoingia. Mota yetu ikiwa na robo ya mzigo, mipepeso 20 itachukua kama sekunde 77. Nusu ya mzigo, sekunde 42. Mzigo kamili, 21. Ikizunguka tupu utasubiri takriban sekunde 20 kwa mpepeso mmoja. Hufungui kitu, hukati lakiri, hugusi waya. Tofauti na ampia, kilowati hazichanganyi umeme wa usumaku na umeme wa kazi. Mwenye mashine ndogo analipia uniti, kwa hiyo umeme wa usumaku hauonekani kwenye risiti yake. Mteja mkubwa wa daraja la T2 ndiye anayeulipia, kupitia kilovolti-ampia.

Sasa mzigo unabadilishwaje? Vitabuni kuna breki ya Prony, ya mwaka 1821: mbao mbili zinabana puli, mkono mrefu unavuta mizani. Njombe mbao hazikosekani, lakini mota yetu ikiwa kwenye mzigo kamili itamwaga kilowati 7.5 zote za joto kwenye mbao hizo, na moshi utatangulia kabla hujasoma mizani. Breki inafaa kwa mota ndogo na kwa darasa. Kwenye banda, kinu chenyewe ndicho breki. Vua mikanda, soma volti, ampia, hezi, mizunguko na mipepeso. Rudisha mikanda, kinu kikiwa kitupu, soma tena. Tofauti ya hapo ni gharama ya beringi, mikanda na upepo wa nyundo. Kisha fungua kilango cha mahindi hadi alama ya kwanza uliyochora kwa chaki, subiri kinu kitulie, soma. Alama ya pili, ya tatu. Kwa kila alama pima pia dakika za kumaliza debe moja.

Debe ndilo linalofichua siri. Ukifungua kilango zaidi na kilowati zikapanda, lakini dakika za debe hazipungui, mota haina kosa. Nyundo zimeisha makali au chekeche limeziba, na mahindi yanazungushwa ndani ya kinu badala ya kutoka. Ukifungua na kilowati zisipande, mahindi hayashuki. Chungulia kilango na koo la kinu. Mzee wetu wa ampia 7.4 yuko kwenye kundi mojawapo kati ya haya, na klampu peke yake isingemwambia ni lipi.

Volti nazo zinahitaji sentensi zake. Laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ilipoanza kazi mwaka 2018, watu wengi walidhani habari ya umeme dhaifu imefungwa. Mota lakini haijui kilovolti 220. Inajua kinachobaki mwisho wa nyaya za volti 400 huko kijijini, jioni, kila mtu akiwa amewasha. Nguvu ya juu kabisa ambayo mota inaweza kutoa hufuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Zikishuka hadi 360, yaani asilimia 10, nguvu hiyo hubaki asilimia 81, na mtelezo kwa mzigo uleule huongezeka kwa karibu robo. Asiyeandika volti pembeni ya kila kipimo atalinganisha jioni na asubuhi na kuilaumu mota.

Kwenye kupasua mbao hali ni nyingine, maana mzigo hautulii kabisa. Gogo likiingia ampia zinaruka, likitoka zinaanguka. Tuseme sekunde 20 za ampia 22 na 40 za ampia 7. Wastani wa kawaida ni 12, lakini joto la koili hufuata ampia zikizidishwa kwa zenyewe, na kwa hesabu hiyo mota inajisikia kama imebeba 13.9 bila kupumzika. Iko chini ya 15, basi inavumilia. Mpasuaji akiwa na haraka na kupunguza mapumziko hadi sekunde 20, hesabu inafika 16.3. Hapo koili zinaanza kuungua taratibu, na siku mota inaposimama lawama inamwangukia aliyeisuka mwaka jana.

Watu huniuliza pia kuhusu mwinuko, maana mota hutengenezwa kwa ajili ya hadi meta 1,000 juu ya bahari na joto la nyuzi 40, wakati Makambako na Njombe ziko juu zaidi ya hapo. Hewa nyepesi hupoza vibaya, ni kweli, ila baridi yetu hurudisha deni hilo lote. Ninaogopa zaidi vumbi la unga na la mbao lililojaa kwenye mapezi ya mota na kwenye feni yake ya nyuma. Lipulize kabla ya kuanza kupima, maana litakupa joto ambalo si la mzigo.

Ukimaliza, chukua kalamu ya wino mzito uandike ndani ya mfuniko wa boksi la stata: tarehe, volti, hezi, ampia za fezi zote tatu mikanda ikiwa imevuliwa, mizunguko, sekunde za mipepeso 20. Mota ikirudi kutoka kusukwa, rudia kipimo cha tupu mbele ya fundi aliyeisuka, kabla hujamlipa. Tupu ilikuwa 6.5 kila fezi. Sasa ni 9, au fezi moja imepishana na wenzake. Amekosea idadi ya mizunguko ya waya, na ushahidi uko kwenye mfuniko, kwa mwandiko wako mwenyewe.