Anza na Ganda: Jinsi ya Kuchagua Zabibu za Divai Nyekundu

Mtoto wa Kakamega aliyekwea mzambarau hawezi kuficha alikokuwa: ulimi na shati humsema. Rangi ile hutoka hasa kwenye ganda. Zabibu nazo ni hivyo hivyo. Hata iliyo nyeusi tititi, ukiimenya, karibu kila mara maji yake hayana rangi. Wekundu wa divai, uitwao anthosianini, umo katika tabaka chache za seli za ganda. Anayechagua zabibu za divai kwa utamu peke yake amepima nusu ya tunda.

Kwetu mvua hufika takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mzabibu hauihimili: punje huvimba maji, hupasuka, kisha ukungu wa kijivu huharibu rangi. Mabingwa wa zabibu katika Afrika Mashariki wako Dodoma, kwenye ukame, ambako huvuna mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo, vipimo vifuatavyo unaweza kujifunza ukiwa Kakamega, kwa zabibu nyeusi za dukani.

Ukubwa. Chagua punje ndogo. Kadiri punje inavyokuwa ndogo, ndivyo ganda linavyokuwa jingi kwa kulinganisha na maji. Zabibu kubwa za mezani hupendeza kuliwa, lakini divai yake hupauka.

Kikonyo. Tazama ganda pale punje iliposhikana na kikonyo. Pakiwa bado pekundu au pa kijani, rangi haijakamilika.

Vidole. Hiki ndicho kipimo kikuu. Kamua nyama yote, kisha sugua ganda. Katika tunda bichi kuta za seli bado ni ngumu, nazo hung'ang'ania rangi. Tunda linapoiva, pektini inayozishikamanisha hulegea, na vidole hubaki na zambarau. Zabibu yaweza kuwa na sukari ya kutosha huku ganda bado limefunga. Mpe mkulima siku chache zaidi.

Meno. Tafuna ganda. Likisagika upesi bila kukakasa ulimi, limeiva. Mbegu nayo iwe ya kahawia, ikatike kama karanga iliyokaangwa.

Majivu. Dondoshea maji mekundu ya maganda tone la musherekha, yale maji ya majivu tunayopikia mrenda. Yatageuka ya buluu au kijani. Somo ni kwamba uchachu ndio unaolinda wekundu. Punje iliyoachwa mtini hadi ikanyauka hupoteza uchachu, na rangi yake huanza kupungua. Kwa hiyo usingoje kupita kiasi.

Ukishachagua vema, usiharibu kazi pipani. Maganda huelea juu. Yazamishe mara mbili au tatu kwa siku. Anthosianini huyeyuka kwenye maji, hivyo nyingi hutoka siku za mwanzo, kabla pombe haijawa kali. Tanini za mbegu, zile zinazokakasa ulimi, hungoja pombe. Baada ya takriban wiki moja, maganda yakizidi kukaa huongeza ukakasi, wala si wekundu.

Pipa haliwezi kutoa rangi ambayo ganda halikuwa nayo. Basi, ndugu msomaji, kabla hujalipia kreti moja, omba punje tatu kutoka vichala tofauti. Zisugue, kisha utazame vidole vyako.