Mvumo wa Masikio: Uhakiki wa Istilahi za Tiba kwa Sauti

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, kelele ni sehemu ya kazi: mashine huchoronga miamba, baruti hulipuka, makarasha husaga mawe. Mchimbaji aliyekaa humo miaka mingi bila kinga aweza kupungukiwa na usikivu, tena akasikia mlio usiotoka nje, hata usiku penye kimya. Waganga huiita hali hiyo tinitasi, kwa neno la Kilatini lenye asili ya kulia kama kengele. Madhumuni yetu ni kuyapima maneno ambayo mfasiri hushawishika kuyatumia.

Kwanza, "kelele za masikio". Istilahi hii hatuiafiki. Kelele hutoka nje na hupimwa kwa desibeli. Nayo ndiyo sababu, ambapo mlio wa ndani ni matokeo. Vyote viwili vikiitwa kelele, mchimbaji akisema anasumbuliwa na kelele, karani ataandika habari za mashine na kuyaacha maradhi. Wasemaji wenyewe husema masikio yanavuma. Basi nomino ni "mvumo".

Pili, "sugu". Neno hili lina hila. Malaria sugu ni ile isiyosikia dawa. Kwa hiyo "mvumo sugu" humkatisha mgonjwa tamaa kabla hajatibiwa. "Wa kudumu" nalo halifai, kwani katika mambo ya fidia ulemavu wa kudumu una maana yake ya kisheria, na si kazi ya mfasiri kutoa hukumu hiyo. "Wa muda mrefu" latosha.

Tatu, "tiba ya sauti". Sauti ni ya koo pia. Msomaji atadhani anayetibiwa ni mtu aliyepwelewa na sauti. Hapa sauti ni chombo, si kiungo kinachotibiwa. Kihusishi "kwa" huondoa utata: "tiba kwa sauti". Hata hivyo maelezo hayana budi kusema wazi kwamba tiba hii haiondoi mvumo. Mgonjwa husikilizishwa sauti hafifu, kama ya mvua au maji yatiririkayo, ili mvumo usijitokeze mno na ubongo upate kuuzoea. Mwenye upungufu wa usikivu husaidiwa pia na shime-sikio.

Nne, na hapa pana hatari, ni "kelele nyeupe", tafsiri ya neno kwa neno. Mchimbaji akiambiwa kwamba kelele ni dawa, atakuwa na sababu gani ya kuvaa vizibo vya masikio? Afadhali "uvumi mwororo wa sauti" ungefaa, lakini uvumi siku hizi ni habari zisizo hakika. Twapendekeza "sauti tulizo".

Kwa muhtasari: mvumo wa masikio wa muda mrefu; tiba kwa sauti; sauti tulizo. Walimu wa afya na wafasiri wayajaribu maneno haya mbele ya wachimbaji wenyewe, kwani istilahi isiyoeleweka machimboni haijawa sanifu, hata ikipigwa muhuri.