Helikopta ya Captain Alex haijui vita

Tuanze na silaha yenyewe, maana vijana wengi wa huku wameiona na wanaipenda vibaya sana. Katika filamu Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa Wakaliga hapahapa Kampala na kutoka mwaka 2010, genge la Tiger Mafia linapata helikopta ya kivita na kuanza kulipua jiji. Helikopta hiyo haikuwahi kuwepo. Mwongozaji, Isaac Nabwana, aliitengeneza kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe. Filamu nzima, wanasema, ilikula kama dola 200 tu.

Kama silaha, ni kichekesho. Roketi zake haziishi. Inazungukazunguka juu ya maghorofa polepole, kama mtu wa boda anayetafuta abiria, na hakuna wa kuitungua. Ndugu msomaji, kama uliishi Kivu ya Kaskazini unajua helikopta haipigani hivyo. Chukua Mi-24, ile ya Umoja wa Kisovieti ambayo majeshi mengi ya kwetu yanaitumia. Ni nzito, ina bunduki na roketi, na tumboni inaweza kubeba askari 8. Lakini rubani wake hakai juu ya adui kumshangaa. Anakuja chini chini akijificha nyuma ya kilima, anafyatua akiwa mbali, anageuka na kuondoka. Akisimama tu, mtu mmoja mwenye kombora la begani anamshusha.

Halafu kuna hewa na mawingu, vitu ambavyo kompyuta ya Wakaliga haikuviweka. Agosti 2012 helikopta tatu za Mi-24 za jeshi la Uganda zilitoka Entebbe kwenda Somalia, zote tatu zikaanguka Mlima Kenya. Hakuna adui aliyezipiga. Ingekuwa mimi ndo naandika mchezo wa Tiger Mafia, ningewapa shida hiyo: chuma kizito, mafuta ya kuhesabu, mvua ya Kampala ya saa tisa mchana, na bosi anayepiga kelele kwenye simu.

Lakini kosa kubwa zaidi ni la sauti. Helikopta ya kweli unaisikia kabla hujaiona. Sisi tuliokuwa upande wa Bunagana mwanzoni mwa Novemba 2013, wakati Rooivalk za Afrika Kusini ziliposhambulia M23 kule Chanzu, tunakumbuka ule mngurumo. Milima inaurudisha, hujui unatoka kilima gani, basi hujui ukimbilie wapi. Watu waliingia chini ya migomba wakitazamana tu. Katika filamu hakuna kitu kama hicho. Kamera inapenda majengo kuliko watu, na jiji linalolipuliwa halina mama mwenye godoro kichwani anayehesabu watoto.

Hapo ndipo wazee wetu wengine wanaposema vijana wakatazwe filamu hizi. Ati tumekimbia vita, halafu tunailipia shilingi kibandani tuitazame tena? Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Na ninyi wa mashirika mnaotuuliza kama picha za bunduki zinawaumiza watoto, kabla ya kuandika ripoti ingieni kibandani siku moja mkae dakika 20.

Mtasikia VJ. Uganda filamu haitazamwi hivihivi. Kuna mtu anaisimulia juu kwa juu, anatafsiri, anatania, anazomea. Wengi wetu tuliofika Katwe na Nsambya bila neno moja la Luganda tulianza kujifunza humo, kwa VJ Jingo na wenzake, kabla ya darasa lolote. Nakala ya Captain Alex iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie. Ile ya kwanza, isiyo na VJ, ilifutwa kwa sababu kompyuta haikuwa na nafasi. Mimi naona ni bahati. Helikopta inapopiga, VJ anaongea kwa sauti kubwa kuliko injini. Ule mngurumo niliousema, yeye anaumeza. Mtoto aliyekuwa akijificha chini ya kitanda ndege ikipita sasa anacheka akiwa ameangalia juu. Hiyo si dawa, sijasema hivyo. Ila mganga gani mwingine alishamfanya acheke?

Kwa upande wa silaha, ninachokisifu zaidi Wakaliwood si cha kompyuta. Ni vyuma vya Dauda Bisaso, fundi anayechomelea bunduki za filamu kutoka skrepu: mabomba, vipande vya magari, chochote. Alitengeneza hata helikopta nzima ya chuma chakavu, ya ukubwa wa kukaa watu, isiyopaa. Mwigizaji akibeba bunduki yake unaona bega linashuka. Uzito huo hauwezi kuuigiza.

Nasema haya kwa sababu vijana wa kikundi chetu cha Jumamosi wanaandika filamu yao. Ina roboti la vita, linatembea kwa miguu miwili, mizinga mabegani, bunduki za mitutu mingi mikononi, makombora mgongoni. Wameshalichora kurasa nne. Niliposoma niliwauliza maswali ya shamba tu: linapitaje Rutshuru msimu wa mvua? Nani anabeba risasi zake? Likilala matopeni, ni wanakijiji gani watatolewa nyumbani kwa nguvu walisukume? Maana kila mashine ya vita niliyoiona kwetu ilikuwa na watu nyuma yake, wenye ndoo za mafuta na masanduku kichwani, na hawakuulizwa kama wanataka.

Walinyamaza kidogo. Kisha msichana mmoja, ambaye alikuwa amepewa kazi ya kupika chai katika onyesho la pili, akasema yeye ndo atakuwa wa kulisukuma, na onyesho lianzie kwake. Wameandika upya ukurasa wa kwanza. Roboti linaonekana mguu mmoja tu, ndani ya tope hadi gotini, na Jumamosi ijayo wanakwenda Kisenyi kutafuta bomba la kutosha kuutengeneza.