Machi 1993: mstari ulioitenga Likasi na Kolwezi

Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa kuhusu uhalifu uliofanyika Kongo, iliyotolewa Oktoba 2010, ilianza hesabu yake Machi 1993 na kuifunga Juni 2003. Kwa Katanga, tarehe hiyo ya kwanza ilikuwa kosa, na kosa hilo lingeweza kuepukwa. Hata hivyo, mashahidi zaidi ya 1,280, hati zisizopungua 1,500, matukio 617 yaliyopangwa mkoa kwa mkoa: hiyo ni kazi safi, na anayeipuuza hajaisoma.

Machi 1993 ndio mwezi ambao mateso ya Wakasai, watu wenye asili ya Kasai wanaoishi Katanga, yaliingia Kolwezi kwa nguvu zote, ila hayakuzaliwa Kolwezi. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuwa Waziri Mkuu, akishika nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, Mlunda wa kwetu Lualaba. Mwezi huohuo moto ukawaka Likasi. Vijana wa JUFERI, tawi la vijana la UFERI, chama cha Nguz, wakaingia mitaani wakifukuza watu majumbani, baada ya miezi mingi ya hotuba za gavana Kyungu wa Kumwanza zilizomfanya jirani aonekane mvamizi. Watu waliozaliwa Likasi, wenye wazazi waliozikwa Likasi, wakaitwa bilulu, yaani wadudu, na kusukumwa hadi stesheni, wakalala nje majuma kwa majuma wakingojea treni ya kwenda Mwene-Ditu na Kananga. Wengi walifia hapo na njiani, kwa njaa na maradhi. Miezi saba baadaye Kolwezi ikapitia njia hiyohiyo: vijana walewale wa chama kilekile, gavana yuleyule, kazi za kampuni ya madini ya Gécamines zikinyang'anywa, kisha stesheni na treni. Ripoti ikaifanya Kolwezi kuwa tukio, na Likasi ikabaki maelezo ya nyuma.

Wanaosema Likasi imetajwa, basi inatosha, hawajauona uzito wa jambo. Ghasia za siku moja zinaweza kuelezwa kwa hasira ya umati. Mateso ya watu kwa sababu ya asili yao huthibitishwa kwa kuonyesha kwamba jambo lilipangwa, na ushahidi wa mpango ni kurudiwa kwa mbinu. Ukiiweka Likasi kando ya Kolwezi, mkono ule ule unaonekana mara mbili, na muda wa miezi saba kati yao unakuwa swali kwa kila aliyekuwa na mamlaka ya kuuzuia mkono huo. Rais Mobutu mwenyewe lazima aulizwe, kwa kuwa aliyenufaika na upinzani uliopasuka ni yeye. Ukiiondoa Likasi, watu wa Kolwezi wanaonekana kama walioamka asubuhi moja ya Machi wakiwa na chuki isiyo na historia, na waliosimama kwenye majukwaa tangu 1991 wanajificha nyuma ya umati.

Utetezi unaofuata ni kwamba watafiti walifungwa na hadidu za rejea, na kwamba kila uchunguzi lazima uanzie mahali. Ni kweli, watafiti hawakujichagulia tarehe. Lakini aliyeiweka aliangalia Kivu: Machi 1993 ni mwezi wa mauaji ya sokoni Ntoto, Walikale, yaliyofungua vita vya Kivu Kaskazini. Kwa Kivu tarehe inakaa sawa. Kuichukua na kuivika Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, yenye mwendo wake, ni uvivu wa kihistoria, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na sababu ya pekee ya kujua hivyo. Mwaka 1961, wakati wa Katanga iliyojitenga ya Tshombe, askari wa Umoja huo walilinda kambi ya Elisabethville ambamo makumi ya maelfu ya Waluba, wakiwamo wa Kasai, walikimbilia. Kumbukumbu hiyo imo katika makabati yake yenyewe.

Ugonjwa huu wa kukata mwanzo si mgeni hapa. Mei 1978 imesimuliwa Ulaya kana kwamba Kolwezi ilianza kuwapo tarehe 19, askari wa miavuli wa Ufaransa waliposhuka, na filamu ya Raoul Coutard ya 1980, iliyopigwa Guyana ya Ufaransa, iliushindilia usimulizi huo. Kuingia kwa waasi wa FNLC tarehe 13 kunatajwa kwa sababu ya Wazungu waliouawa. Wakongo waliouawa, na Walunda walioadhibiwa na jeshi la Mobutu kwa kudhaniwa washirika wa adui, wanabaki pembezoni. Nguz alikuwa amehukumiwa kifo mwaka 1977 kwa tuhuma za vita vya kwanza vya Shaba, kisha akasamehewa. Uchungu huo ndio UFERI iliougeuza silaha dhidi ya mtu asiyehusika. Kueleza hivyo hakumpunguzii mtesaji hatia.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliijua vizuri zaidi kazi hii ya kusimulia tangu mwanzo. Picha zake zaidi ya mia za 1973 na 1974 zilianza kabla ya Wabelgiji na kuvuka hadi wakati ujao, naye akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kwa Kiswahili kila picha inavyoizaa nyingine. Vivyo hivyo, mwanahistoria Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alianza na kampuni ya madini ya Union Minière, iliyowaleta wafanyakazi kutoka Kasai, akawasikiliza waliofukuzwa na waliobaki.

Wapo wanaoogopa kwamba kurudi nyuma kutatonesha vidonda, kwa kuwa Wakasai wengi wamerudi Kolwezi na watu wanaishi pamoja. Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa. Hata hivyo, ukimya wa vitabu haujawahi kuwanyamazisha majirani, na kila uchaguzi unapokaribia maneno ya zamani hurudi. Tangu ripoti itoke, mjadala wa haki na fidia nchini umeshika 1993 kuwa mwaka wa kuanzia, na kumbukumbu ya taifa ya wahanga, iitwayo Genocost, ikawekwa tarehe 2 Agosti, siku vilipoanza vita vya 1998. Mfuko wa fidia, FONAREV, umepangiwa asilimia 11 ya mrabaha wa madini, na sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya nchi inachimbwa hapa Lualaba. Mjane aliyefukuzwa Likasi Septemba 1992 anastahili kuandikwa katika daftari lile lile na aliyefukuzwa Kolwezi Machi 1993, na kazi hiyo ianze sasa, wakati waliolala stesheni wangali hai na wanaweza kutoa ushahidi.