Neno linalofuata "Mheshimiwa Spika"

Kila Aprili, Bunge la bajeti linapoanza Dodoma, nakaa na redio na kalamu. Wengine wanasikiliza mabilioni. Mimi natega sikio kwa neno linalofuata "Mheshimiwa Spika". Maneno hayo mawili hufungua karibu kila aya ya hotuba ya waziri. Yana heshima yake, na yanampa msemaji pumzi, lakini hayaungi kitu. Aya ya visima na aya ya mishahara zinaweza kupangwa hivyo, moja baada ya nyingine, kila moja ikijisemea yake. Mwandishi hodari wa hotuba utamjua hapo: Spika akishatajwa, inakuja "hata hivyo", au "kutokana na hali hiyo", na msikilizaji anashikwa mkono.

Napenda kazi hii ya viunganishi kwa sababu uzito wake hauonekani. Chukua taarifa ya afisa ugani wa Bahi au Kongwa, huku kwetu Dodoma ambako mvua ni ya msimu mmoja tu. Akiandika, "Mvua ilikatika Februari, kwa hiyo mtama ulikauka," ametoa hukumu. Mkuu wake akimuuliza kama shamba halikuingiliwa na wadudu, itabidi awe na jibu. Akiandika, "Mvua ilikatika Februari, mtama ukakauka," hakuna kiunganishi hata kimoja, ila kuna -ka- iliyojibana ndani ya kitenzi. Inataja kilichotangulia na kilichofuata, basi; sababu inanong'onwa. Sijui chombo kingine cha Kiswahili kinachofanya kazi kubwa hivyo kwa silabi moja. Na akiandika, "Mvua ilikatika Februari, lakini mtama haukukauka," amejifunga kuandika sentensi ya tatu, maana kila mkulima atataka kujua ulinusurikaje.

"Bali" nayo ina masharti yake. Haikai vizuri mpaka kitu kikanushwe kwanza: mvua haikukosekana, bali ilichelewa. Ukiiweka mahali pa "lakini", sikio la mzoefu linashtuka.

Neno ninalolionea huruma ni "aidha". Limetoka kwenye Kiarabu, pamoja na lakini, bali, ila na wala, na maana yake ni vilevile, tena, zaidi ya hayo. Siku hizi wengi wanalisikia kwa sikio la Kiingereza, kana kwamba ni "either", wanasema "aidha alipe au aondoke", ilhali "ama" ipo na haijachoka. Huko Mtumba, kwenye mji wa Serikali, barua bado zinalitumia kwa maana yake ya asili, kila jambo la pili likianza na "Aidha". Lakini hata lilipo sahihi, si kila pengo ni lake.

Mfikirie mwananchi wa Ihumwa aliyepokea barua: "Kiwanja chako kimepimwa. Aidha, unatakiwa kulipa ada." Hayo ni mambo mawili, na la pili linamwangukia kama deni jipya. Mwandishi makini anasoma rasimu kwa sauti, anasita, anafuta "aidha", anaandika "hivyo". Sasa malipo yamefungwa kwenye upimaji, na yule mwananchi, kabla hajapanda daladala kwenda mjini kuuliza, ameshajua anadaiwa kwa ajili ya nini.