Mnara Usiouzwa: Hesabu za Chumbe Zikisomwa Isiolo

Mtu wa Isiolo akisema anataka kununua mnara wa taa, swali la kwanza ni kama ameshanunua mtumbwi. Lakini tamaa yenyewe tunaijua vizuri hapa. Kila baada ya muda hujitokeza mtu aliyeona kambi ya watalii iliyoachwa kando ya Ewaso Ng'iro, au nyumba ya mawe ya afisa wa zama za ukoloni, akakokotoa bei ya kuta na mabati, akaona ni ya kutupa. Hesabu hiyo huanzia mahali pasipofaa. Ninachambua kisa cha Chumbe, Zanzibar, kwa sababu pale mtu aliichukua sehemu yenye mnara mkongwe akaifanya iishi, na kwa sababu kisiwa hicho hakina tone la maji baridi ardhini. Hapo tunaelewana.

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, mwendo wa kilomita 12 hivi kutoka Mji Mkongwe. Waingereza walijenga mnara wake mwaka 1904, wenye ngazi zaidi ya 130 kwa ndani. Mwaka 1926 ukafungwa taa ya gesi ya kampuni ya AGA ya Sweden, na mtambo huo ndio unaoeleza kwa nini minara mikongwe imekuwa bidhaa duniani. Gustaf Dalén, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, alibuni vali isiyohitaji mkono wa mtu: fimbo nyeusi hunyonya mwanga wa mchana, hupata joto na kutanuka, hivyo hufunga gesi ya asetilini, jua likizama fimbo hupoa, hunywea, na gesi hupita. Mwenye kuwasha taa jioni na kuizima alfajiri akaanza kukosa kazi. Baadaye umeme wa jua na setilaiti vikamalizia. Zikabaki nyumba za walinzi zilizo tupu na minara ambayo serikali zilichoka kuipaka chokaa. Marekani ilitunga sheria mwaka 2000 ya kuigawa bure kwa mashirika na halmashauri zinazoahidi kuitunza, na inayokosa mwenyewe hupigwa mnada.

Angalia neno "bure" hapo. Serikali tajiri inapokupa jengo la mawe bila senti, inakukabidhi gharama ambayo imeshindwa kuivumilia.

Sasa, Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi za misaada ya maendeleo, alianza kushughulikia Chumbe mwaka 1991 na kusajili kampuni ya Chumbe Island Coral Park mwaka 1992. Werevu wake ni kwamba hakuutaka mnara. Taa iliachwa kwa wenye kazi ya bandari, maana meli bado zinaihitaji, na anayemiliki taa inayofanya kazi hubeba dhima ya kila chombo kitakachopanda mwamba usiku ikizimika. Alichotafuta ni haki tatu zilizotenganishwa: kukodi sehemu ndogo ya ardhi ya kujengea, kusimamia msitu, na kusimamia miamba ya matumbawe upande wa magharibi. Ardhi na msitu vilipewa muda wa miaka 33, miamba miaka 10 yenye kuongezwa. Hifadhi ya miamba ilitangazwa rasmi Desemba 1994. Nyumba ya mlinzi wa taa, ambayo mnunuzi wa kawaida angeigeuza sebule yake, ikawa kituo cha wageni.

Mabanda ya wageni yalifunguliwa mwaka 1998. Kuanzia kusajili kampuni hadi mgeni wa kwanza kulipa kitanda ilipita miaka sita, na katika miaka hiyo mishahara, mafuta ya boti na safari za ofisini haziachi kuhesabika. Gharama yote ya kuanzisha ilifika kama dola milioni 1.2, sehemu kubwa ikitoka mfukoni mwa mwanzilishi mwenyewe, na wafadhili na watu wa kujitolea wakisaidia kwa yale yasiyoleta faida. Gawanya kwa mabanda 7. Hata ukiondoa gharama za hifadhi yenyewe, kila kitanda kilianza maisha kikiwa na deni ambalo hoteli ya mjini isingelikubali. Kila msumari ulivuka bahari kwa boti.

Maji ndiyo sehemu ninayoipenda. Kila banda limejengwa liwe mtambo: mvua hushuka juu ya paa, hupita kwenye chujio la mchanga na kokoto, na kuingia birika lililo chini ya sakafu. Maji ya kuogea yakishatumika hupelekwa kwenye kitalu cha mimea inayoyanywa pamoja na uchafu wake, yasifike baharini. Vyoo havina maji kabisa; kinyesi huoza na kuwa mboji. Umeme ni wa jua.

Je, ufundi huo ungefaa Isiolo? Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba Zanzibar, penye milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, likikusanya asilimia 80 hutoa lita 120,000. Isiolo mjini, penye kama milimita 600, paa hilohilo hutoa lita 48,000, na ukielekea Merti pungufu zaidi. Wageni wawili wakitumia lita 50 kila mmoja kwa siku humaliza 36,500 kwa mwaka. Kwenye karatasi zinatosha. Ila mvua yetu haiji kwa mwaka, huja kwa vipindi viwili. Kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba banda moja linahitaji akiba ya karibu lita 13,500, na vuli ikikosa, ukasubiri hadi mwisho wa Machi, ni lita 30,000. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 ilikosa misimu mitano mfululizo. Kwa hiyo hapa fedha huliwa na birika, paa lina nafuu. Na choo kisichotumia maji, ambacho wengi hukiona ni ushamba, ndicho kinachookoa mradi.

Turudi kwenye mvuto, kwa sababu mtu halali kwenye banda ghali ili atazame ngazi. Miamba ya Chumbe ilibaki hai kwa bahati: iko kando ya njia ya meli ambapo vyombo vidogo vilizuiwa kuvua, na pwani ya jirani ilikuwa na kambi za jeshi. Zaidi ya aina 400 za samaki zimeorodheshwa pale. Kazi ya mradi ilikuwa kuigeuza bahati iwe ulinzi wenye mshahara, na waliochukuliwa kuwa walinzi ni wavuvi wa vijiji vya jirani, bila silaha. Mvuvi anamjua mvuvi mwenziwe na anajua atakuja saa ngapi. Msituni waliwaondoa panya mwaka 1997 na kuleta paa nunga, swala mdogo aliye hatarini kutoweka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingeonekana kwenye hati ya mauzo.

Biashara hiyo ina udhaifu, na haujifichi. Mwaka uleule wa kufungua, 1998, joto la El Niño lilipausha matumbawe sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi. Mwaka 2020 ndege zikasimama. Hifadhi inayolishwa na wageni peke yao haina mtu wa pili wa kumwita, na walinzi hawawezi kupewa likizo mpaka watalii warudi.

Kwa mwekezaji wa Isiolo kuna jambo moja ambalo Chumbe halikumsumbua mtu kwa kiwango hiki: kisiwa hakikuwa na wenyeji. Malisho yetu yana wenyewe, na Katiba ya 2010 pamoja na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinawatambua. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hii zilianzishwa kinyume cha Katiba, ushirikishwaji wa umma ukiwa hafifu. Kwa hiyo kambi iliyoachwa kando ya mto inaweza kuwa na muuzaji wa kuta asiye na mamlaka yoyote juu ya ardhi iliyo chini yake. Asiye raia, kwa Katiba hiyohiyo, hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, na wengi hupewa pungufu ya hapo. Miaka 33 ya Chumbe ukiihesabu kuanzia 1994 inaishia 2027, na kwa anayejenga birika la zege chini ya sakafu, tarehe ya namna hiyo ndiyo inayoamua achimbe kina gani.